Kidole kwanza, ulimi baadaye

Mwanangu Zuhura,

Umeniuliza kama Hamza hasemi kwa sababu mnamchanganyia Kiswahili, Luganda na Kiingereza. Hapana. Lugha nyingi hazileti usonji, ile hali ya ubongo inayomfanya mtoto awasiliane na watu kwa namna tofauti na wenzake. Maneno yake yahesabu ya lugha zote kwa pamoja. Kinachonikosesha usingizi ni kwamba mtoto ana miaka miwili na miezi minne, na barua nzima hukutaja kama anaonyesha vitu kwa kidole. Kidole kwanza, ulimi baadaye: umenisikia nikiwaambia wazazi wa Baby class, darasa la kwanza la chekechea, miaka yote ile.

Weka biskuti juu ya kabati, aione. Akiinyoshea kidole, akakutazama, akaitazama tena, huyo tayari anazungumza. Akikukamata mkono na kuuvuta hadi kabatini bila kukuangalia usoni, kana kwamba mkono wako ni upawa, andika na tarehe. Kisha kaa nyuma yake hatua tatu akiwa anacheza, umwite jina. Usipige makofi, usimguse. Tulia, rudia, mara nne basi, uone kama anageuka.

Unamkumbuka yule mtoto wa jirani pale Walukuba, Jinja, aliyepanga vifuniko vya soda toka mlangoni hadi ukutani? Nilimwita, hakugeuka. Karatasi ya biskuti ikilia chumba cha pili, huyo! Nikamwambia mama yake masikio ni mazima, wavulana huchelewa, subiri. Akasubiri hadi Top class, mwaka wa mwisho wa chekechea. Mimi, mwalimu! Na hata hilo la masikio nilibahatisha: maji yakikaa nyuma ya ngoma ya sikio, mtoto anaweza kusikia karatasi, lakini maneno yakamfikia yamefifia. Masikio hupimwa kwanza, tena kwa mashine, si kwa biskuti.

Haya, wapo wanaochelewa kusema tu. Hao mara nyingi huonyesha, hulisha mwanasesere ugali wa uongo, hukuletea jiwe ulione. Labda Hamza ni wa hao. Lakini umeandika alikuwa akisema "maji" na "taata", yaani baba, ameacha. Maneno yakipotea hakuna kusubiri, hata akionyesha kwa vidole vyote kumi. Neno liko kwenye ncha ya ulimi wangu, ila si langu kumpa Hamza, ni la daktari wa watoto. Mrekodi kwa simu dakika mbili akicheza peke yake, na mbili akiitwa. Kule hospitali atalia tu.

Nyinyi mnakaa Entebbe. Ndege ikipita, anakuonyesha, au anaitazama peke yake? Nijibu hilo leo.

Mama yako