Kwa nini treni huchelewa kusimama?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili na ninaishi karibu na reli iendayo Kigoma. Basi likifunga breki husimama upesi, lakini treni huendelea kwenda mbali. Wenzangu wanasema sababu ni uzito. Je, ni kweli? Na mwendo wake hupotelea wapi?
Msomaji, Kaliua, Tabora.

JIBU: Uzito peke yake si sababu. Chombo kizito huhitaji kani kubwa zaidi ili kisimame, lakini uzito huohuo hukandamiza magurudumu juu ya reli na kuongeza msuguano, kwa hiyo mambo hayo mawili karibu yanafutana, mradi kila behewa lina breki zinazofanya kazi.

Tofauti iko pale gurudumu linapogusana na njia. Tairi la mpira kwenye lami kavu hupata msuguano unaokaribia 0.7 ya uzito linaoubeba, ilhali gurudumu la chuma juu ya reli kavu hupata takriban 0.2 tu, na mvua ikinyesha hupungua zaidi. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, hesabu hiyo inaonyesha kwamba basi lingesimama baada ya takriban mita 20 na treni baada ya takriban mita 70. Kwa kweli treni huhitaji mita mia kadhaa, kwa kuwa dereva hafungi breki hadi kikomo, maana magurudumu yakigoma kuzunguka yataserereka na kuchubuka, na pia breki za upepo huchukua muda kufika behewa la mwisho. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama huongezeka mara nne. Ndiyo maana ni hatari sana kuvuka reli ukidhani dereva aliyekuona ataweza kusimama kabla ya kukufikia.

Kuhusu swali lako la pili, ambalo naliona zuri kuliko la kwanza, mwanasayansi Isaac Newton alieleza mwaka 1687 kwamba kitu kinachokwenda hakisimami chenyewe bila kani ya kukizuia. Breki zinapobana magurudumu, nishati ya mwendo hugeuka kuwa joto, nalo husambaa hewani na katika chuma. Reli nayo husukuma gurudumu kuelekea nyuma, na msukumo huo ndio unaopunguza mwendo wa treni nzima. Ndiyo maana vichwa vingi vya treni hubeba mchanga mkavu, ambao dereva huumwaga mbele ya magurudumu reli inapoteleza, ili kuongeza msuguano.