Mashine inakata mbao pungufu milimita 5, tukaze mkanda?

SWALI: Kamwene fundi. Niko Mafinga, tunatengeneza milango na fremu za mbao za paina. Stopa ya mashine yetu ya kukatia, ile mbao inapogota kupata urefu, inavutwa na mota kwa mkanda wa meno, safari yake mita 3. Asubuhi inakata fresh kabisa ila ikifika mchana mbao zinatoka pungufu milimita 5, jana ikafika 10. Wenzangu wanasema mkanda umevutika tuukaze, wengine eti tung'oe mkanda tuweke skrubu ndefu ya kusogeza stopa. Tufanyeje?

JIBU: Kamwene ndugu yangu. Msikaze kwanza! Umesema 5 halafu 10, sio 3 wala 7. Chukua rula upime kutoka jino hadi jino kwenye huo mkanda, nina uhakika utakuta milimita 5, maana mikanda ya aina ya T5 na HTD 5M ndo ilivyo. Mkanda ukivutika kosa linakuwa dogo na linabadilika kufuata mzigo na umbali, haliji kwa jino zima zima. Hapo mkanda unaruka meno, na mota haijui kitu, hata ingekuwa na enkoda (kile kifaa cha kuhesabu mzunguko), kwa sababu enkoda ya mota inahesabu mizunguko ya mota tu, stopa iko wapi haioni.

Sasa fungueni kava mwangalie puli. Vumbi la paina lina utomvu, linashindiliwa kwenye mabonde ya meno mpaka linakuwa gumu kama gundi, mkanda unakaa juu juu, mota ikiondoka kwa nguvu unaruka. Kwangureni kwa mti mgumu, sio bisibisi, mtaumiza meno. Halafu punguzeni ule mshtuko wa kuondoka kwenye programu, stopa ianze taratibu ndo ikimbie. Baada ya hapo ndo muangalie kama mkanda umelegea, na mkaze kiasi, ukizidi unaua beringi za mota.

Habari ya skrubu sahauni. Skrubu nyembamba ya mita 3 ukiizungusha kasi inachapa kama kamba, na nene ni hela nyingi. Ningekuwa na wasiwasi na mkanda kama ungekuwa unanyanyua mzigo juu, maana ukikatika mzigo unashuka na mtu, hapo lazima breki.

Mkimaliza rudisheni stopa kwenye sifuri, kateni mbao 20 bila kuzima, pima ya kwanza na ya mwisho halafu niandikie umepata ngapi.