Jibu: Askari wanakufa mapema kwenye XCOM 2

Ndugu, umesema kwenye XCOM 2, mchezo wa kompyuta wa kuongoza kikosi kwa zamu, risasi zako zenye nafasi ya asilimia 80 ya kupata zinakosa na askari wanaisha misheni za mwanzo. Asilimia 80 maana yake moja kati ya tano itakosa, basi usipange zamu nzima juu ya risasi moja.

Kinachowaua hasa ni mpangilio wa kutembea. Kundi la maadui likiwaona tu, hukimbilia kinga (kitu cha kujificha nyuma yake, kama ukuta) papo hapo hata kama zamu ni yako. Askari wa mwisho akichungulia eneo jipya, hakuna aliyebaki wa kujibu. Anayetangulia aende wa kwanza, hatua moja ya buluu (mwendo mfupi ndani ya mstari wa buluu, unaomwachia kitendo kimoja), wengine wasimpite.

Kinga nzima inampa adui pointi 40 za ulinzi, nusu kinga 20. Kuruta (askari mpya) ana shabaha 65, kwa hiyo akimpiga kwa mbali adui mwenye kinga nzima anabaki na nafasi ya asilimia 25 tu ya kupata. Hapo rusha guruneti kwanza: halikosi, na mara nyingi linabomoa kinga yenyewe. Au mzunguke ubavuni, ila usikanyage eneo ambalo hujaliona bado.

Kurudia sevu (mchezo uliouhifadhi) na kupiga risasi ileile hakusaidii, matokeo yamehifadhiwa. Badilisha mpangilio wa vitendo.