Nyumba yangu ya Goba haitoki, nishushe bei?

SWALI: Shikamoo anti. Nina nyumba Goba, vyumba vitatu kimoja masta, sebule, jiko, fensi, na hati ipo. Tangu masika iko Instagram na kwenye magrupu ya WhatsApp ya madalali, watu wanauliza bei alafu wanapotea, hata kuja kuiona hawaji. Dalali anasema nitoe milioni 15 kwenye bei ndo itauzika. Picha alipiga yeye, nimekutumia. Nifanyeje?
Msomaji, Goba

JIBU: Marahaba mwanangu. Usishushe hata shilingi kwanza. Picha nimeziona zote na zimeniuma, maana nyumba yenyewe inaonekana imejengwa kwa moyo. Geti limekatwa nusu, sebuleni giza totoro kisa mpigaji ameelekeza simu dirishani, kwenye kamba nguo zimeanikwa, choo kipo ila jiko halipo kabisa! Sasa mtu anakaa Mbagala au Chanika, kuja Goba ni foleni, nauli, na bado dalali anataka hela ya kuonyeshwa, huyo mtu hawezi kuja kubahatisha, anachuja akiwa hukohuko kitandani na simu yake, na ya kwako anaipita.

Zipigwe upya, na simu ya kawaida inatosha, shida kubwa ni mwanga. Dar tuko kama nyuzi 7 tu kusini ya ikweta, jua la saa sita linakuwa juu sana, kivuli cha paa kinameza baraza na madirisha alafu ukuta mweupe unaungua kwenye picha, unabaki weupe mtupu. Kama mbele ya nyumba panatazama mashariki piga asubuhi saa moja na nusu mpaka saa tatu, kama panatazama magharibi subiri saa kumi na nusu jioni, jua liwe mgongoni kwako. Ndani fungua mapazia yote, simama kwenye kona, simu usawa wa kifua na uilaze kwa upana, na ufute kioo cha kamera kwanza maana vidole vyetu vina mafuta. Ile lenzi pana ya 0.5 iache jamani, inafanya chumba kidogo kiwe kama ukumbi, mteja akifika anajiona ametapeliwa na hapo hata bei nzuri hasikii tena.

Ufa na ukungu ukutani usivifute kwa programu, ziba, paka rangi, ndo upige.

Alafu kitu ambacho madalali wengi hawapigi ni barabara. Goba ni milima, mnunuzi wa Dar anawaza gari yake itapanda vipi mvua ikinyesha, kwahiyo mwonyeshe njia kuanzia lami mpaka getini, hata kama ina kipande kibovu, bora akione mapema kuliko ageuzie njiani. Piga na tenki la maji, mita ya DAWASA kama ipo, na nyumba inavyoonekana kutokea upande wa pili wa barabara. Watoto, namba za magari na ile TV kubwa visiwemo kwenye picha.

Hati usiipost mtandaoni hata kama umeficha jina, matapeli wanaishi kwa vitu hivyo. Mwenye nia ya kweli utamwonyesha mkikutana, na yeye akafanye upekuzi ofisi ya ardhi, yaani ahakikishe hati ni ya kweli.

Picha za kumtumia dalali zitume kama dokumenti, ukituma kawaida WhatsApp inazibana zinapoteza ubora. Mwambie afute zile za zamani kwenye kila grupu kabla ya kuweka mpya, na bei iwe moja kila mahali, maana mtu akikuta nyumba ileile ina bei mbili anaanza kuhisi utapeli. Watu wakianza kuja, wakaiona kwa macho na bado wanaondoka kimya, niandikie tena tuongelee hizo milioni 15.