Muulize Bibi Mkunga: Cheti cha mwanangu kimeandikwa kwa kalamu

SWALI: Shikamoo Bibi. Mwanangu wa pili alizaliwa mwaka 2019 kwenye zahanati ya hapa kwetu Mbarali. Cheti chake nilipewa siku nilipompeleka chanjo, bila kutoa hata senti. Kimeandikwa kwa kalamu. Nilipokwenda kumwandikisha darasa la kwanza, mwalimu alikigeuzageuza, akasema cheti cha kweli huchapwa, niende wilayani nikabadilishe ndipo mtoto apokelewe. Tena sehemu ya jina la baba iko tupu, maana mwanamume mwenyewe aliondoka mimba ikiwa changa. Je, nilipewa karatasi tu?
Mama wa watoto wawili, Mbarali

JIBU: Marahaba mwanangu. Cheti chako ni cheti halali, na huna haja ya kupanda gari kwenda wilayani.

Mwalimu wako nadhani hajui kilichobadilika, kwa hiyo nitakueleza ili nawe ukamweleze. Zamani sisi wakunga kazi yetu iliishia kwenye tangazo, yaani karatasi ya kituo inayosema mtoto amezaliwa. Mama akijifungua tunamjazia ile karatasi, tunamwambia aipeleke kwa msajili wilayani akachukue cheti. Sasa fikiria mama wa kule bondeni, mshono haujapona, nauli hana, na huko wilayani kuna ada na pengine "njoo wiki ijayo". Wengi walilikunja tangazo wakalitia ndani ya kadi ya kliniki, wakaamini ndiyo cheti. Nimekutana na watoto wa darasa la saba ambao tangazo lao limebaki vipande vinne vilivyoshikana kwa selotepu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2010 ulikuta kwamba watoto wa chini ya miaka 5 waliosajiliwa hawakufika hata mmoja kati ya watano. Mimi sikushangaa.

Mwaka 2013 mkoa wetu wa Mbeya ulikuwa wa mwanzo kupokea utaratibu mpya wa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, kwa watoto wa chini ya miaka 5. Usajili ukashushwa kutoka wilayani hadi kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, ada ikaondolewa. Mhudumu anajaza kitabu, anaandika cheti kwa mkono, anakikata anamkabidhi mama, kisha taarifa za mtoto anazituma kwa simu ya mkononi kwenda kwenye kumbukumbu za RITA. Mwandiko wako wa kalamu umetoka hapo. Kungoja mashine ya kuchapa ifike kila zahanati kungetukalisha mpaka watoto waote ndevu.

Mimi niliyashuhudia haya nikiwa kazini, na sitasema yalikuwa mteremko. Kitabu kiliongezwa mezani lakini muuguzi hakuongezwa. Siku ya chanjo una akina mama 60 kwenye benchi, watoto wanalia, mizani moja, na wewe uandike majina matatu ya mtoto kwa herufi kubwa bila kukosea. Na vitabu vikiisha, mama anaambiwa arudi, tunakuwa tumemrudisha kulekule. Hata hivyo, katika mageuzi yote niliyoyaona kwenye huduma za mama na mtoto, hili naliweka juu, kwa sababu lilimfuata mama mahali ambapo tayari anakwenda. Yule aliyejifungulia nyumbani tulimpata chanjo ya wiki ya 6, na akikosa hiyo tulimpata kwenye surua, mtoto akiwa na miezi 9.

Kuhusu jina la baba, usikose usingizi. Mama peke yake anaruhusiwa kumsajili mwanawe. Baba ambaye hamkufunga ndoa haandikwi kwa kukisia, mnaomba pamoja wewe na yeye. Akikuambia mtu "mlete baba kwanza", mwambie Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa kila mtoto haki ya jina na uraia, haikusema mwenye baba tu.

Mwalimu akishikilia msimamo, panda kwa mwalimu mkuu, kisha kwa afisa elimu kata. Sheria ya Elimu inamlazimisha mzazi kumwandikisha mtoto akifika miaka 7. Haiwezekani serikali ikusukume kumleta mtoto, halafu getini azuiwe kwa sababu ya mwandiko.

Jambo moja kagua leo: majina. Kama cheti kinasema Zawadi na daftari la shule litasema Zawadieli, mtarudi kwenye hilo siku ataomba kitambulisho cha taifa cha NIDA, au mkopo wa chuo kikuu, ambako vyeti huhakikiwa RITA.

SWALI: Bibi, wangu ana miaka 8, alizaliwa nyumbani kwa mkunga wa jadi. Hatukuwahi kupata tangazo. Nako zahanati wamenikatalia.
Baba, Chunya

JIBU: Hawakukuonea, baba. Ule utaratibu wa bure ni wa chini ya miaka 5, na hapo ndipo mimi nagombana nao: mdogo anapewa cheti, kaka yake waliyelala kitanda kimoja anarudishwa kwenye njia ya zamani. Wewe nenda ofisi ya Katibu Tawala wa Wilaya, au omba kwa mtandao wa RITA kama una kijana wa kukusaidia. Beba barua ya mtendaji wa kijiji, kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo kama kipo, na vitambulisho vyenu wazazi. Ada italipwa. Usisubiri mavuno ya mwaka kesho, maana akivuka miaka 10 ombi lake linahitaji kibali cha Msajili Mkuu mwenyewe.