Kila mwaka nakwama Walawi

*Shangazi, kila Januari naanza kusoma Biblia nzima kwa mwaka mmoja, sura tatu kila siku. Nikifika Walawi nakwama, sura zinarundikana, naona haya, naacha. Natoka Kayole saa kumi na moja alfajiri kwenda kazini mjini na kurudi saa mbili usiku. Nikisoma kwa simu najipata WhatsApp. Na hata siku ninazosoma, jioni sikumbuki kitu. Je, imani yangu imepoa?*
*Mama Wawili, Kayole*

Mwanangu, mtu aliyepoa hahangaiki hivi. Kilichokushinda ni hesabu. Mwanzo ina sura 50 na Kutoka 40, kwa hiyo kwa sura tatu kwa siku, kufikia tarehe 25 Januari umeingia kwenye vipimo vya hema, na tarehe 31 Walawi imekupokea. Tena hata ungejikaza bila kukosa siku, Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189, na mpango wako ungekuacha Desemba na sura 94 mkononi. Ukiuguza mtoto siku tano, una sura 15 za kulipa juu ya tatu za leo. Hapo Neno limegeuka mkopo, na mwenye deni hukwepa njia inayopita kwa anayemdai.

Kwa hivyo siku uliyokosa usiifidie kamwe. Ulipoishia ndipo unapoanzia, iwe ni jana au wiki tatu zilizopita.

Anza na Marko. Ina sura 16 tu, na ukisoma mistari kama 15 kwa siku utaimaliza kwa siku 45 hivi. Usihesabu mistari sana. Fuata vichwa vidogo, usimame kisa kinapoisha, kwa kuwa mgawanyo wa sura uliwekwa baadaye sana na mara nyingine hukata habari katikati. Usiku weka Biblia ya karatasi, kidaftari na kalamu karibu na meko. Alfajiri ukishainjika chai, omba sentensi moja, kisha soma kabla hujagusa simu. Dakika kumi zinatosha.

Kuhusu kusahau: unasoma kwa macho peke yake. Soma mara mbili, ya kwanza kwa sauti ya chini inayosikika masikioni mwako, ya pili ukiwa na kalamu. Tafuta nani yupo, neno gani linajirudia, na kitu gani hukukitarajia. Chukua Marko 4:35-41. Dhoruba imepiga, chombo kinajaa maji, na Yesu yuko “katika shetri, amelala juu ya mto”. Shetri ni sehemu ya nyuma ya chombo, na mto huo ni wa kulalia kichwa. Mathayo na Luka wanasimulia dhoruba hiyohiyo bila kuutaja. Wanafunzi wanamwamsha kwa lawama: “Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?” Andika swali hilo kwenye kidaftari, mstari mmoja tu, kisha chini yake jambo lako la leo linalofanana nalo, labda karo au kodi ya nyumba. Ukilibeba swali moja namna hiyo, jioni utalikumbuka.

Kwenye matatu usipange kusoma kitu kipya, maana muziki na makanga watakushinda. Rudia kimoyomoyo ule mstari wa asubuhi. Ikiwa huna budi kutumia simu, pakua Biblia ikae ndani yake, kisha uzime data kabla ya kuifungua.

Siku ambazo mwili umekataa kabisa, soma Zaburi 117. Ina mistari miwili. Hiyo ni siku uliyosoma, usijidharau. Jumapili usiongeze kitu. Pitia mistari sita uliyoandika, na umsomee mmoja wa wanao ule uliokugusa.

Walawi utairudia, na ni kitabu kizuri ukiingilia mlango wake. Ukimaliza Marko, soma Walawi 16, siku ya upatanisho, halafu Waebrania 9 na 10 siku zinazofuata. Utaona yule kuhani anayeingia patakatifu mara moja kwa mwaka, na damu isiyo yake, anakuelekeza kwa nani.

Kesho ni Marko 1:1-13. Ishia jangwani, palipo na wanyama wa mwitu.