Barua kwa mwanangu: kuhusu Charlie na lile kawa

Mwanangu mpenzi,

Zamani barua tungeianza kwa "mimi huku sijambo, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu". Basi mimi sijambo, isipokuwa goti. Dhumuni la barua hii ni kukujibu. Wiki mbili sasa ule ujumbe wako wa sauti umekaa kwenye simu yangu. Nimeusikiliza kitandani, nimeusikiliza bafuni nikiwa nimefungulia bomba ili watu wasisikie, na mara tatu nimebonyeza nikajibu, kisha nikafuta. Nimeona bora niandike.

Uliuliza: "Baba, yule Charlie wa kwenye filamu ni mtu mzuri au mtu mbaya? Mke wake si yu hai? Wewe ungekuwa yeye ungefanyaje?" Halafu ukacheka, ukasema kama sitaki nisijibu. Kile kicheko nakijua. Ndicho ulichokuwa ukicheka ulipokuwa mdogo, ukitaka kujua kama hela ya ada ipo.

Kwanza nikuhadithie filamu yako mwenyewe, ile tuliyoitazama Desemba kwenye kompyuta yako, maana umeshatangaza kwa wadogo zako kwamba nilikoroma. Inaitwa Finding Your Feet, ya Waingereza, ya mwaka 2017. Mwongozaji ni Richard Loncraine, aliyezaliwa 1946, kwa hiyo mzee aliwaongoza wazee wenziwe. Kuna bibi mmoja, Sandra, anajiona sana. Anamwigiza Imelda Staunton, yuleyule tuliyemwona baadaye akiwa Malkia Elizabeth kwenye The Crown. Sandra anamfuma mumewe na rafiki yake wa karibu, tena siku ya sherehe, wageni wamejaa nyumbani. Anafunga mizigo, anakwenda kwa dada yake, Bif, ambaye miaka mingi hawakuwa wakisemezana. Bif anaishi kwenye fleti ndogo ya halmashauri hapo London, anaogelea kwenye maji baridi ya bwawa, na anamburuta mdogo wake mpaka kwenye darasa la dansi la wazee. Huko ndiko aliko Charlie, yule fundi, anayeigizwa na Timothy Spall. Wanaanza kwa kununiana. Wanakwenda kucheza katikati ya barabara za Piccadilly Circus, video yao inazagaa, wanaalikwa Roma. Umeona? Nilikoroma dakika kumi tu, tena zile za mume kuomba radhi.

Na Charlie analala kwenye mashua nyembamba kwenye mfereji, kwa sababu nyumba aliiuza ili alipie matunzo ya mkewe, Lilly, ambaye amesahau kila kitu, na mume pia kamsahau.

Hapo ndipo ulipopandwa na hasira za kazini. Ulisimamisha filamu, ukaniambia kwamba huko England mwenye mali inayozidi pauni 23,250 hujilipia matunzo mwenyewe, lakini nyumba haihesabiwi kama mume au mke bado anaishi humo. "Kwa hiyo alidanganywa, Baba! Hakuwa na haja ya kuuza!" Nikanyamaza, maana wewe ndiye unayefanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Lakini jibu nilikuwa nalo. Labda hakuuza kwa ajili ya pauni. Wewe hujalala kwenye nyumba ambamo mtu wako anatembea usiku akikuuliza wewe ni nani na umeingiaje. Mashua ya Charlie ilikuwa na kitanda cha mtu mmoja, na hakuna aliyekuwa amewahi kuondoka humo.

Yule Spall anaijua mashua, lakini. Nilitafuta habari zake ulipoondoka. Aliugua saratani ya damu mwaka 1996 akapona, na baadaye yeye na mkewe wakaizunguka pwani ya Uingereza kwa mashua yao wenyewe, BBC ikawarekodi. Ndiyo maana anavyokanyaga pale sitahani si kuigiza. Miaka yangu yote bandarini nilikuwa namjua mtu wa chombo kwa unyayo.

Sasa ile sehemu Charlie anapokwenda kumtembelea Lilly, Lilly anamwona mgeni, anaogopa. Uliniona nimetoka nje kwenda kufunga geti. Geti lilikuwa limefungwa tangu Magharibi.

Marehemu mama yako, Mungu amrehemu, aliumwa huo ugonjwa wa kusahau miaka sita, na wewe ulikuwa mbali miaka minne kati ya hiyo. Sikulaumu, hela uliyotuma ndiyo iliyonunua zile nepi za watu wazima. Jina la ugonjwa nimelijua kwako. Hapa mtaani wengine walisema ni uzee tu, wengine wakasema kuna mkono wa mtu, na shangazi yako alileta mganga nikamrudisha na nauli yake. Nimesoma kwamba Shirika la Afya Duniani linahesabu watu zaidi ya milioni 55 wenye maradhi ya aina hii, na zaidi ya asilimia 60 wako kwenye nchi kama zetu, si huko kwenu. Basi akina Charlie wako wengi sana, ila wa kwetu hawana darasa la dansi. Wako ndani wanafua shuka. Hilo filamu haikulionyesha: nani anambadilisha Lilly shuka saa tisa ya usiku? Najua, ungesema ni watu kama wewe.

Dada wa kazi wawili walikimbia. Kilichonisaidia ni watu wawili. Wa kwanza ni yule mzee wa bao, swahiba yangu, unayemwita Babu Kobe kwa mwendo wake. Kila Ijumaa alisali msikiti unaowahi, akaja kukaa na mama yako ili mimi niwahi huu wa kwetu. Miaka sita. Hakuniuliza hata siku moja hali yangu ikoje. Alikuwa anakaa pale kwenye mkeka, anamsikiliza mama yako akimsimulia harusi yetu kama ya juzi, anatikisa kichwa, anasema, "Kumbe! Na pilau ilitosha?"

Wa pili unamjua, nisimtaje jina kwenye karatasi. Yule jirani wa vitumbua. Alikuja Alhamisi moja kuleta vitumbua, akamkuta mama yako nywele zimesokotana kwa sababu nilikuwa naogopa kumuumiza. Akaomba kitana na mafuta ya nazi. Akamkalisha chini katikati ya magoti yake, akamsuka mistari, polepole, akimwimbia zile nyimbo za ngoma za zamani za akina mama. Mama yako aliyekuwa akinipiga nikimgusa kichwa alitulia kama mtoto. Alhamisi iliyofuata akarudi. Ikawa desturi.

Sasa nakuja kwenye swali lako. Unajua mimi ndevu hunyoa Ijumaa asubuhi, kwa ajili ya msikiti, tangu ujana. Mwaka wa nne wa ugonjwa nilijikuta nanyoa Alhamisi. Sikuamua. Nilishtukia tu niko kwenye kioo na wembe mkononi, na nje ni Alhamisi. Barazani kwenye kahawa wakaona kabla yangu. Mmoja akasema, "Siku hizi Ijumaa yako inawahi." Wenzake wakacheka mpaka kashata zikamwagika.

Mama yako alikuwa hai, mwanangu. Ndiyo. Hiyo ndiyo nusu ya jibu, na ndiyo nusu niliyokuwa nikiifuta kwenye simu.

Siku moja anasukwa, mimi nimesimama mlangoni na bilauri ya maji. Akaniangalia, akamwangalia msusi wake, akamwambia, "Huyu mume wako mpole sana." Yule mama akaacha kusuka. Akasema, "Si wangu, dada. Ni wako." Mama yako akacheka, akasema, "Wangu yuko bandarini. Jioni anarudi, utamwona. Kijana hasa." Akainamisha kichwa asukwe. Mimi nikabaki na maji yangu. Nilimwonea wivu yule kijana wa bandarini, nikamwona ana bahati, maana alikuwa anangojwa.

Mjomba wako, ndugu wa tumbo moja na mama yako, ndiye aliyenijia kwa wema. Akasema, "Shemeji, dini imekuruhusu. Oa, upate msaidizi, dada yangu atapata wa kumtunza, na sisi hatutakulaumu." Charlie wa watu hakuwa na mlango huo, kwao mke ni mmoja mpaka talaka au kifo. Mimi mlango ulikuwa wazi, na mwenye kunifungulia ni shemeji yangu mwenyewe. Nilikaa nao usiku kucha. Ruhusa sikuikosa. Nilichokikosa ni mtu wa kumwarifu. Kidini si lazima, najua, lakini miaka thelathini na nane sikuwahi kununua hata kuku bila kumwambia mama yako. Ningemwambia nini, naye angenijibu nini, kama si "subiri mume wangu arudi"? Nikamwambia mjomba wako ahsante. Na yule jirani hakusikia lolote kutoka kwangu, isipokuwa "karibu" na "ahsante kwa vitumbua". Alhamisi nikaendelea kunyoa. Zaidi ya hapo, Mungu ni shahidi, hapakuwa na kitu.

Kwa hiyo Charlie simwiti mtu mbaya. Kumpenda mwingine hakukumpunguzia Lilly chochote. Aliendelea kwenda kumwona, na mtu haendi kwenye mlango ambao ataogopwa kama hana mapenzi. Kosa lake naliona mahali pengine. Alimwacha Sandra apande naye mpaka Roma bila kumwambia ana mke. Sandra hakukasirika kwa sababu ya Lilly, alikasirika kwa sababu ya kufichwa, na huyo ni mwanamke ambaye ametoka kufichwa juzi tu. Hapo nilitamani kumrushia kandambili kwenye kompyuta yako.

Mengine ya filamu hiyo nitayasema kwa kifupi, maana ulitaka na maoni. Wale dada wawili ndio filamu yenyewe, mapenzi ni kitoweo tu. Bif kumpokea mdogo wake bila kumkumbusha miaka waliyonuniana, hilo lilinigusa kuliko busu lolote. Sikupenda walivyomuua. Nikimwona mtu mchangamfu kwenye filamu na amekohoa mara moja, basi najua hafiki mwisho. Na ule mwisho wa Sandra kukimbia kando ya mfereji na kuruka mpaka kwenye mashua inayoondoka! Ningekuwa mimi na goti hili, mngenitafuta kwa nyavu. Kwa nini Charlie hakusimamisha mashua? Inakwenda mwendo wa Babu Kobe.

Sasa lile kawa.

Desemba uliingia jikoni, ukaliona ukutani, la ukindu, lina nakshi nyekundu. Ukauliza ni la nani. Nikasema nimelinunua mnadani. Nilikudanganya, mwanangu, na wewe ulijua, ndiyo maana usiku ule ukaleta filamu hiyo. Kwenye kompyuta yako mna filamu za karate mia moja, hukuchagua ile kwa bahati mbaya.

Mama yako ametimiza miaka mitatu kaburini. Mwaka jana, baada ya kisomo, nilimwambia yule jirani yaliyokuwa moyoni, pale pale barazani, mchana, watu wanapita. Unajua alinijibu nini? Alisema yeye amefua nguo za mwanamume miaka thelathini na moja, na akimwona mwanamume sasa hivi anaona karai. Nikasema nguo nafua mwenyewe, nimejifunza. Akasema ameziona kambani, na kola hazitakati. Nikajua hajakataa.

Masharti yake ni haya: nyumba yake habanduki, kwa sababu ya jiko la vitumbua na wateja wa alfajiri. Yangu nisiiuze, ni yenu. Picha ya mama yako ibaki pale ilipo. Na nisimwambie sheikh neno lolote kabla ya kukuambia wewe, kwa sababu siku ya msiba wewe ndiye uliyemshukuru mbele za watu kwa zile nywele, na hataki uone kwamba alikuwa anasukia kitu kingine. Nimemwambia hutafikiri hivyo. Amesema hilo ni lako kusema, si langu.

Kwa hiyo nakuarifu. Ukikasirika, kasirika kwangu, na andika, usitume sauti, nitashindwa kuisikiliza. Ukitaka muda, chukua. Sisi hatuna mashua inayoondoka.

Kawa nimelirudisha kwake mara nne tangu uondoke. Kila likirudi huku lina kitu chini yake, na leo ni mkate wa sinia. Jumapili utakapopiga simu ya video, nitakaa barazani kama kawaida. Ukimwona mtu anapita nyuma yangu na sahani akijifanya hajui kama simu iko wazi, mpe shikamoo yake.

Ni mimi baba yako